Mwiba Uliovunjika

Swali lilikuwa moja: gamba hili ni la spishi mpya, au ni la Hantkenina aliyevunjika? Hantkenina ni foraminifera, yaani kiumbe mdogo sana wa baharini mwenye seli moja na gamba la vyumba; vyumba vya huyu huota miiba. Kielelezo kilitoka kwenye udongo wa mfinyanzi wa Eosini ya kati, enzi ya mamilioni ya miaka iliyopita, uliochorongwa kusini mwa pwani ya Tanzania. Udongo ule ulitulia chini ya bahari yenye kina cha mita mia kadhaa. Kwa kuwa haupitishi maji kirahisi na haukuzikwa kina kirefu, magamba ya foraminifera humo hubaki maangavu kama kioo. Ya umri huohuo kutoka bahari kuu mara nyingi huwa meupe kama chokaa, kwa sababu kalsiti, madini yanayounda gamba, imejiunda upya.

Tulikausha gramu 50, tukaziloweka hadi zikalainika, tukazichekecha kwa maji juu ya chekecheo la maikroni 63. Kabla ya hapo chekecheo liliwekwa kwenye rangi ya buluu ya methilini, ili gamba lililosalia kutoka sampuli iliyotangulia likitokea, lijulikane kwa rangi yake. Hatua hii ikirukwa, ndipo "spishi" za uongo huweza kuzaliwa. Tanuri tuliliacha chini ya nyuzi 50. Dawa ya hidrojeni peroksaidi hatukuitia: udongo huu una pairiti, madini ya chuma na salfa, na pairiti ikioksidishwa hutoa asidi inayokula magamba.

Kwenye trei nyeusi, kwa ncha ya brashi namba 000 iliyoloweshwa kidogo, mwenzangu alitenga gamba lenye vyumba virefu vilivyochongoka, bila mwiba hata mmoja. Akasema ni jipya. Nilimwelewa. Mwaka 2014 watafiti wa foraminifera Paul Pearson na Helen Coxall walikwisha onyesha jinsi Clavigerinella, foraminifera asiye na miiba, alivyogeuka polepole kuwa Hantkenina, chumba kikichongoka hadi kikaota mwiba wenye tundu ndani. Spishi moja ya mwanzo kabisa waliipa jina la Joyce Singano, mwanapaleontolojia (mtaalamu wa visukuku) wa TPDC, shirika la maendeleo ya petroli la Tanzania. Kati ya Clavigerinella na Hantkenina, umbo la tatu halikuwa jambo la ajabu kulidhania.

Lakini ncha za vyumba zilikuwa na matope. Mashine ya mawimbi ya sauti ingeyatoa, ila huvunja miiba iliyosalia kwenye gamba, basi tukasafisha kwa brashi na maji, taratibu mno. Kisha tukakibandika kwenye utepe wa kaboni, tukakipaka dhahabu, tukakiweka kwenye hadubini ya elektroni, tukaanza na upande wa ukingo.

Kwenye ncha ya chumba cha mwisho lilionekana duara dogo lenye kingo zilizopasuka, na katikati yake tundu. Clavigerinella hana tundu hilo. Mwiba ulikuwepo, ukavunjika.

Tukaandika Hantkenina bila jina la spishi, maana urefu wa mwiba ndio ungeamua na haukuwepo. Sehemu iliyobaki ya sampuli ikarudi mezani, tutafute vielelezo vizima: vilivyokomaa, vingi, kutoka tabaka lilelile.