Daftari la arusi ya mama

Vyumba vya nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ni virefu na vyembamba. Dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kufunika chumba kipana. Basi kitu kikishapata ukuta wake, kinakaa hapo miaka. Mwezi huu fundi aligonga boriti moja ghorofani, ikamwaga unga wa mchwa. Akasema chumba cha marehemu bibi kitolewe vitu vyote kabla dari haijavunjwa.

Kaka zangu walitaka gari lije, vipakiwe, yaishe. Mama akasema hakitoki kitu mpaka yeye akipitie kwa mkono wake, nami nikakaa naye.

Vingi havikutupa taabu. Magodoro ya pamba, mikeka iliyokatika, masufuria yasiyo na vifuniko. Mbuzi ya nazi imeshuka jikoni, meno yake bado makali.

Kasha ndilo lililotukalisha chini. Juu kabisa palikuwa na chetezo cha udongo, na kikuba ambacho asumini yake imegeuka rangi ya chai. Kulikuwa na mkebe wa senti kumi za tundu, za enzi ya Mfalme George wa Sita, pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Zilikuwa zikitumika hapa kabla Kenya haijatoa pesa zake yenyewe mwaka 1966. Watoto wa kaka wamezichezea jioni nzima.

Chini yake, leso. Doti kwa doti, pande mbili mbili zilizoshikana, hazijakatwa wala kupindwa, zingali na ule ugumu wa dukani. Nyingi ni Mali ya Abdulla, za wale wenye duka la leso la Biashara Street tangu 1887. Bibi alipenda leso ambazo hazivai. Zamani nilidhani ni uchoyo wa wazee. Sasa naona alikuwa akiweka akiba ya kutoa, maana hapa kwetu mtu haendi kwa mzazi aliyejifungua wala kwa bi arusi mikono mitupu.

Katikati ya doti hizo palikuwa na pande moja pekee, halina mwenziwe, limekatwa vizuri kwa mkasi. Ndani yake daftari la shule.

Bibi hakusoma skuli. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kur-ani, na Kiswahili chake chote alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Mama aliweka miwani, akafuata mistari kwa kidole, polepole. Ilikuwa ni orodha ya walioleta vitu kwenye arusi yake yeye mama. Jina, kisha kitu: mchele pishi kadha, samli, doti ya leso, shilingi. Wino wa majina ni wa buluu. Lakini majina mengi yamepitishwa mstari mweusi, mwingine mzito, mwingine umefifia, kana kwamba ilipigwa kwa kalamu tofauti na miaka tofauti.

"Huyu alimrudishia," mama alisema. "Na huyu, alipoozesha bintiye. Huyu nilikwenda naye mimi, nakumbuka tulibeba mchele."

Kila mstari ni arusi ambayo bibi alikwenda na fungu lake. Nimekaa nikiwaza mwanamke yule, aliyeuza vitumbua asubuhi na kushona jioni, akibeba hesabu hiyo miaka yote bila kumwambia mtu, na akiilipa.

Yamebaki majina machache bila mstari. Moja lina maandishi haya mbele yake: *leso, pande moja*. Mama alijua mara moja. Jirani wa nyumba ya nyuma, mjane mwenye watoto wadogo, hakuwa na uwezo wa doti. Alikata yake mwenyewe katikati, akaleta pande jipya na kubaki na la pili. Bibi hakulivaa, na hakumpa mtu.

Yule jirani alishatangulia mbele ya haki, lakini bintiye yuko Likoni, na mama ana nambari yake. Wamezungumza simu mpaka salio likaisha.

Daftari nimelipiga picha kila ukurasa, kisha nikalifunga kwa karatasi, maana hewa ya chumvi haina huruma na wino. Kaka mkubwa, aliyetaka gari lije, ndiye aliyeuliza majina mengine ni ya kina nani.

Jana tulikwenda Biashara Street. Mama alizikataa leso nyingi kwa sababu ya majina yake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Huwezi kumpelekea mtu leso yenye kijembe, hata rangi iwe nzuri vipi. Amechagua ya zambarau, jina lake ni dua. Hakutaka nusu, amenunua doti mbili. Ijumaa baada ya swala tunavuka feri.