h inapokaribia sifuri ndani ya kompyuta ya nyumbani

Tangu tuanze kalkulasi kidato cha tano, swali moja limenikaa kichwani: ile h tunayoitumia kueleza derivativi, yaani kasi ya kubadilika au mteremko wa mchoro, ni sifuri au si sifuri? Ubaoni inaelekea kuwa vyote viwili. Tunapotafuta kasi ya kubadilika ya x², tunachukua (x + h)², tunatoa x², tunabaki na 2xh + h², kisha tunagawanya kwa h na kupata 2x + h. Kugawanya kunaruhusiwa kwa sababu h si sifuri. Kwenye mstari unaofuata h inafutwa kana kwamba ni sifuri, na jibu linakuwa 2x. Mwalimu wetu, ambaye hakwepi maswali, aliniambia kwamba h haifiki sifuri bali inaikaribia tu. Jibu hilo ni sahihi, lakini nilitamani kuuona mkaribio huo kwa macho yangu, namba baada ya namba.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo kaka aliinunua Kariakoo. Nimeshaifungua mara nyingi: nimepuliza vumbi kwenye feni, nimesugua meno ya RAM, yaani kadi ya kumbukumbu, kwa kifutio cha penseli ilipogoma kuwaka, na nimebadilisha betri ya bodi, ile ya duara aina ya CR2032. (Betri hiyo ikiisha, kila umeme ukikatika saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana kama havijaanza kutumika. Anayesumbuliwa na tatizo hilo aanze na betri kabla ya kulaumu intaneti.) Baada ya matengenezo hayo niliweka Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaandika mistari michache ya kukokotoa mteremko wa x² pale ambapo x ni 3. Jibu la darasani ni 6.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama kitabu kinavyosema. h ikiwa 0.1 jibu ni 6.1 hivi, ikiwa 0.01 ni 6.01, ikiwa 0.001 ni 6.001. Niliendelea kuipunguza nikitarajia kwamba 6 itazidi kujitokeza safi, na kweli ilifanya hivyo mpaka h ilipofika karibu na 10⁻⁸. Kuanzia hapo hesabu ilianza kuharibika. Kwa h ya 10⁻¹⁵ kompyuta ilinipa 5.329, na kwa h ya 10⁻¹⁶ ilinipa sifuri kamili, kana kwamba mchoro wa x² umelala chali mahali ambapo sote tunajua kwamba unapanda.

Sababu yake inastahili kuelezwa polepole. Python huhifadhi namba ya desimali kwa biti 64, na biti hizo zinatosha kubeba tarakimu 15 hadi 17 tu, kwa hiyo namba ndani ya mashine haziko mfululizo, zina mapengo. Pengo kati ya 3 na namba inayoifuata ni kama 4.44 × 10⁻¹⁶. Ukiongeza 10⁻¹⁶ kwenye 3, kiasi hicho hakifiki hata nusu ya pengo, hivyo mashine hukadiria na kurudi kwenye 3 ileile. Tofauti tunayoigawanya kwa h inakuwa sifuri, na sifuri ukiigawanya kwa chochote kisicho sifuri hubaki sifuri. Kwa 10⁻¹⁵ kosa ni la aina hiyohiyo ila limejificha zaidi. Jumla inakadiriwa kuwa 3 na mapengo mawili, mraba wake unaangukia mapengo matatu juu ya 9, ambako kila pengo ni kama 1.776 × 10⁻¹⁵, na mapengo hayo matatu yakigawanywa kwa h yanatoa 5.329. Nilikokotoa kwa kalamu na karatasi, nikapata namba ileile iliyokuwa kwenye skrini. Nilifurahi sana.

Hapo nilianza kuelewa kwa nini kikomo, yaani ile thamani jibu linayoikaribia h inapokaribia sifuri, kilipaswa kuelezwa upya na wanahisabati wenyewe. Leibniz, mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi, alichapisha kanuni zake mwaka 1684, zikatumika kwa mafanikio makubwa, lakini mwaka 1734 George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland aliyekuwa pia kiongozi wa kanisa, aliuliza swali lilelile la h na kuviita vitu hivyo mizimu ya viasi vilivyofariki. Swali lake lilikuwa la haki. Ilimpasa Cauchy, katika masomo yake aliyoyachapisha Paris mwaka 1821, na baadaye Weierstrass, kuonyesha kwamba tunaposema kikomo hatuzungumzii namba ambayo h inakuwa mwishoni. Tunazungumzia ahadi: nipe ukubwa wowote wa kosa unaoweza kuuvumilia, nami nitakupa umbali ambao h ikiwa ndani yake, kosa halitauzidi. Kompyuta yangu haiwezi kutimiza ahadi hiyo kwa kosa lolote lile. Ukidai kosa dogo mno, inashindwa, kwa sababu namba zake zina mapengo ilhali namba za ubaoni hazina.

Nilidhani jambo hili ni la namba peke yake, mpaka nilipoanza kupima joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Katika fizikia tunafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, aliyoiandika mwaka 1701: kasi ya kupungua kwa joto inawiana na tofauti kati ya joto la kitu na joto la mazingira yake. Prosesa ina kipima joto chake, na Linux inaweza kukisoma kila sekunde. Niliipa mashine kazi nzito mpaka ikapita nyuzi 70, nikasimamisha kazi hiyo, nikaandika masomo ya kipima joto kwenye faili prosesa ilipokuwa ikipoa.

Kipima joto hiki husoma nyuzi nzimanzima. Nilipotafuta kasi ya kupoa kwa kutoa somo moja kutoka kwa lililofuata, nilipata sifuri, sifuri, sifuri, kisha ghafla nyuzi 1 kwa sekunde, kisha sifuri tena, ingawa hakuna kitu kinachopoa kwa kurukaruka namna hiyo. Nilipochukua masomo yaliyoachana kwa sekunde 20 mteremko ulitulia, lakini kule mwanzoni, ambako joto huporomoka haraka, ule mpindo wa mchoro ulisawazishwa na kupotea. Kwa hiyo h hapa pia ina ukubwa wake unaofaa: ikizidi, inaficha mabadiliko, ikipungua mno, unachopima ni mapengo ya chombo badala ya kitu chenyewe. Ni hali ileile ya 10⁻⁸.

Kanuni ya Newton, kwa njia, haikukubaliana na sekunde za mwanzo kabisa. Nadhani ni kwa sababu prosesa ni kipande chembamba kinachopoa haraka kwa kumwaga joto kwenye bamba la metali lililo juu yake, halafu bamba lenyewe linapoa taratibu kwa upepo wa feni. Vilevile joto halishuki hadi lile la chumba, kwani hata mashine isipopewa kazi, prosesa bado inakula umeme. Ilinibidi nitumie joto la utulivu kama mahali pa kulinganishia ndipo mchoro ukakaa sawa.

Kwa sasa ninashughulika na njia isiyohitaji h kabisa. Mwaka 1873 Mwingereza William Clifford alianzisha namba zenye alama ε, ambayo yenyewe si sifuri lakini mraba wake ni sifuri. Basi (3 + ε)² ni 9 + 6ε, na ile 6 inajitokeza bila kugawanya, bila mapengo na bila kukaribia chochote. Katika Python nimeandika kila namba kama jozi, na kuzidisha (a, b) kwa (c, d) kunatoa (ac, ad + bc). Nilipoitazama ile ad + bc niliitambua mara moja: ni kanuni ya derivativi ya zao la vitu viwili, ambayo darasani tunaikariri kwa ajili ya mtihani. Watu wanaofundisha mitandao ya akili bandia hupata derivativi zao kwa njia ya jamii hii, ingawa kwa kawaida wao huanzia kwenye jibu na kurudi nyuma.

Kuna sehemu moja bado inanigomea. Thamani kamili ya x haina derivativi pale x inapokuwa 0, kwa sababu upande wa kushoto mteremko ni −1 na upande wa kulia ni 1. Programu yangu lazima irudishe kitu hapo. Nimeiandika irudishe 0, ambayo iko katikati, lakini sijaridhika. Ningependelea ikatae kujibu. Shule ikifunguliwa nitampelekea mwalimu swali hili, pamoja na faili la joto.