Siku moja maishani mwangu: ufagio, Gissing na magodoro

Saa 11 alfajiri. Basi la kutoka Tottenham limejaa watu wa kazi yetu, usafi. Leo nina ghorofa mbili za ofisi karibu na Holborn: kumwaga taka, kufuta meza, kupiga deki. Hakuna la kusimulia.

Saa 2 asubuhi. Nimekaa ngazini namenya yai la kuchemsha, nacheka peke yangu. Riwaya ninayoiandikia tasnifu, New Grub Street ya George Gissing (1891), inaanza hivi hivi. Saa ya kanisa inagonga saa mbili, Jasper Milvain, kijana anayeandika kwa ajili ya soko, yuko mezani na yai lake, anawaambia mama na dada zake kwa uchangamfu kwamba muda huu huu kuna mtu ananyongwa London. Faraja yake ni kwamba si yeye. Ukurasa wa kwanza tu, na tayari unajua nani atapona.

Saa 4. British Library, barabara ya Euston. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Enzi za Gissing watu walisomea ukumbi wa duara wa British Museum, uliofunguliwa 1857, mwaka aliozaliwa yeye. Humo, katika riwaya, Marian Yule, anayemwandikia baba yake makala, anawaona wasomaji kama nzi walionasa kwenye utando wa buibui.

Saa 8 mchana. Mwalimu amenirudishia sura ya pili. Niliandika kwamba Edwin Reardon, mtunzi wa riwaya ndani ya kitabu hicho, alikufa maskini kwa kuwa hakuendana na mazingira, pembeni ameuliza: "Mazingira yapi?" Limeniingia.

Mwaka 1864 Herbert Spencer, mwanafalsafa Mwingereza, alisema katika maumbile anayesalia ni yule anayefaa zaidi. Sisi hulisikia kama "mwenye nguvu mpishe", lakini kufaa si nguvu. Milvain hamshindi Reardon kwa kipaji. Anajua soko linataka nini, basi. Na soko lilikuwa nani? Kwa sehemu kubwa Mudie, maktaba ya kuazimisha vitabu kwa ada. Riwaya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na nusu, bei ya kumfukuza mnunuzi, kwa hiyo watu waliazima. Reardon anajikamua ili juzuu ya tatu ijae, anaweka mazungumzo mengi kwa kuwa hula nafasi upesi. Mwaka 1894 Mudie na W. H. Smith, maktaba nyingine kubwa ya kuazimisha, waliwaandikia wachapishaji masharti mapya ya bei, na juzuu tatu zikafa ndani ya miaka michache. Maumbile gani hayo yanayobadilishwa kwa barua?

Gissing mwenyewe aliiuza haki ya riwaya hii kwa pauni 150.

Saa 1 jioni. Dada kapiga simu kutoka Tanga.
"Huyo Mzungu wako aliyekufa njaa, unamsomea ili iweje?"
"Si njaa, dada. Mapafu. Na ni wa kitabuni."
"Haya. Wewe umekula?"

Saa 3 usiku. Kibarua cha mtandaoni: makala ya maneno 800 kuhusu magodoro, malipo kwa neno. Nimetuma. Baada ya nusu saa mteja kajibu: nzuri, ongeza maneno 200.

Nimeandika aya ya mito. Bado maneno 90. Nimeandika ya foronya.