Siku moja ya fundi wa CNC: mzee wa Keko na volti 36

Wengi wanadhani fundi umeme wa mashine za CNC, zile zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta, kazi yake ni kuunga nyaya hadi taa iwake. Hii hapa Jumanne yangu.

Saa 12 asubuhi. Chai, chapati mbili, daladala hadi Kariakoo. Maduka yakifunguliwa nanunua pawa saplai, yaani kifaa cha kulisha mashine umeme, ya volti 36, wati 350.

Saa 3. Keko, karakana ya mzee anayechonga milango ya mninga. Mashine yake ina mota nne za hatua, zinazozunguka kidogo kidogo kwa hatua zinazohesabiwa, na ikikimbizwa inapoteza hatua: maua ya kulia yanatoka yamehama. Mlango ulioharibika umeegemezwa ukutani, na bei ya mninga mnaijua.

Saa 4. Nimepima kila kitu. Skrubu ndefu za kusogeza mashine zinazunguka laini, nyaya nzima, saplai ya zamani inatoa volti 24 bila kuyumba. Tatizo ni hizo 24 zenyewe.

Hapo mzee akaninyooshea kidole kwenye lebo ya mota. "Kijana, hapa pameandikwa volti 2.5. Hiyo 24 yenyewe imezidi, na wewe unaniletea 36? Unataka kuniunguzia mashine."

Nilieleza. Mzee, hiyo 2.5 ni ampea 2.8 mara ukinzani wa koili, ohm 0.9, mota ikiwa imesimama. Draiva, kifaa kinachoipa mota umeme, ndiyo inayolinda mota: inapima mkondo, inaukata na kuurudisha maelfu ya mara kwa sekunde ili usipite 2.8. Akatikisa kichwa. Nikaeleza tena kwa karatasi. Skrubu yako inasogeza milimita 10 kwa mzunguko. Kwa mita 6 kwa dakika mota inapiga hatua 2000 kila sekunde, kila hatua nusu milisekunde. Koili yenye indaktansi (ukaidi wa kupokea mkondo haraka) ya milihenri 2.5 kwa volti 24 inahitaji karibu milisekunde 0.3 kujaa mkondo, na mota inayozunguka nayo inazalisha umeme wa kupinga. Hatua inaisha kabla mkondo haujajaa, na nguvu inapungua. Kwa 36, muda huo unashuka hadi 0.2.

Akampigia simu mpwa wake. Mpwa akasema tununue mota kubwa zaidi. Huu ushauri unawamalizia watu pesa! Mota kubwa mara nyingi ina indaktansi kubwa, kwa hiyo ukiibakiza kwenye saplai ileile, kwenye kasi inachoka mapema zaidi.

Saa 7 imepita, sijala. Wakati nafungua boksi, kijana wa karakana akashika plagi ya mota aichomoe, umeme ukiwa unawaka. Nilimdaka mkono. Ukichomoa mota draiva ikiwa na moto, draiva inaweza kufa papo hapo. Tukazima, tukasubiri kapasita zishuke, ndipo nikaunga. Ampea za mota nne ni 11.2, theluthi mbili yake inatosha, na saplai hii inatoa 9.7.

Jua lilikuwa linashuka tulipowasha. Mita 6, sawa. Mita 8, sawa. Mgongo unauma lakini ile sauti ya mota iliyotulia naipenda. Mzee akasimama kimya, kisha: "Kumbe! Basi weka 48 iende zaidi."

Nikaanza upya, miguu imevimba. Kupata volti za juu kabisa za mota, mafundi tunachukua 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri; hapa inatoka karibu 50, ukipita hapo mota inachemka bure. Na draiva zake mwisho wake ni volti 50. Daraja zito la mashine, lile linalobeba kichwa cha kuchonga, likifunga breki, mota zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye saplai; ukianzia 48, umevuka. Nimemkatalia. Alinuna, akalipa.

Usiku, kwenye daladala, simu: mteja wa Mbagala ana draiva za mwisho volti 42, amenunua saplai ya 48. Nimemwambia asiiwashe mpaka nifike.