Maji Yalikuwa Yanapitia Wapi

Mvua inayoanguka wima haikutusumbua kamwe. Iliyotutesa ni mvua ya upepo, ile inayoupiga ukuta ubavuni. Ikianza tu, mama alikunja pazia, akavuta kitanda katikati ya chumba, akapanga matambara chini ya dirisha. Hata hivyo, kukicha ukuta ulikuwa umelowa kutoka usawa wa dirisha hadi karibu na sakafu. Rangi ilifanya malengelenge, na ukiigusa ilibanduka pamoja na chengachenga za plasta. Harufu ya ukungu ilikaa kwenye nguo hata mvua zilipokwisha.

Aliitwa fundi. Akazungusha silikoni kwenye fremu nzima kwa nje, juu, chini, pembeni, akalipwa akaenda zake. Mvua iliyofuata, maji yakaingia mengi kuliko mwanzo.

Mama akataka tupake rangi ya kuzuia maji. Baba akakataa. "Kwanza tujue maji yanapitia wapi."

Akasubiri ukuta ukauke, akavuta mpira wa maji hadi nje ya dirisha, akanipa tochi. "Wewe kaa ndani. Ukiona hata tone moja, gonga ukuta."

Alianza chini kabisa, chini ya kizingiti, akatulia hapo muda mrefu hata nikachoka kuchuchumaa. Nilimwuliza kwa nini asianzie juu tumalize upesi.

"Ukianzia juu, mwanangu, maji yatateremka yaloweshe kote. Utajuaje yameingilia wapi?"

Chini hapakuvuja. Akapandisha mpira hadi kwenye vioo. Hapo ndipo nilipoona maji yakikusanyika kwenye reli ya dirisha, maana lilikuwa dirisha la alumini la kuteleza, yakapanda taratibu mpaka ukingoni, kisha yakafurika kuja ndani. Nikagonga kwa nguvu.

Baba alinionyesha uso wa nje wa fremu. Chini kule palikuwa na matundu mawili membamba, yaliyotobolewa makusudi ili maji yanayoingia kwenye reli yatoke. Dirisha la aina hiyo halizuii kila tone. Hupokea maji kidogo na kuyatema nje. Silikoni ya fundi ilikuwa imeyaziba yote mawili. Baba aliyachokonoa kwa bisibisi, yakachuruzika maji meusi yenye tope na mabawa ya wadudu. Mpaka leo nikiona mtu anazungusha silikoni bila kuangalia matundu hayo, huwa nauma meno.

Nilidhani tumemaliza, lakini baba alirudi nje akapandisha mpira hadi juu ya dirisha. Nikamulika kona ya juu, kwani ndiko maji yalikopiga. Pakavu. Ilipita kitambo, kisha tone likajitokeza shubiri mbili tu kutoka sakafuni, penye lile waa la siku zote. Kumbe kwa nje, pale linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, inapokutana na kona ya fremu, palikuwa na ufa wa mshazari, mwembamba kama uzi. Maji yaliingilia hapo, yakashuka kimyakimya nyuma ya plasta, yakaibukia chini. Tungepaka rangi pale chini miaka yote bila faida.

Ufa ule baba aliupanua kwa patasi, akaufagia vumbi kwa brashi, akaujaza gundi ya kuzibia inayonyumbulika, kwa kuwa kona ya dirisha hutanuka na kusinyaa na joto, na saruji tupu ingepasuka tena. Silikoni ya zamani aliikata yote kwa kisu kabla ya kuweka mpya, maana mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, wala juu ya vumbi au unyevu. Matundu aliyaacha wazi.

Dhoruba iliyofuata ilikuja usiku. Reli ilikuwa na maji kiasi, yakitoka nje kwa matundu, na ukuta ulikuwa mkavu. Mama hakuamini, alikiacha kitanda katikati ya chumba hadi mvua nyingine ilipopita. Halafu akataka rangi ipakwe siku ileile. Baba akakataa tena, kwani plasta ilikuwa bado na unyevu ndani na ingeibandua rangi upya. Kungoja ukuta ukauke kulichukua muda mrefu kuliko kazi yote.