Siku moja maishani mwangu: fundi wa boila na kelele za nyumba za watu

Saa 11 alfajiri

Simu imeita kabla sijaamka. Mi ni fundi wa mifumo ya kupasha nyumba joto, boila (mtambo unaopasha maji kwa moto wa gesi), rejeta (vile vyuma vya chumbani ambamo maji hayo yanapita yakitoa joto), mabomba yake, na msimu wa baridi ukishaanza simu inaita muda wowote. Mama mmoja ananiambia fundi, kuna kitu kinapiga bum kila boila ikiwaka, wiki mbili sasa, ila ya leo imepiga mpaka milango ya kabati imetikisika. Nikamuuliza swali ninaloanza nalo siku zote, inapiga wakati gani, kabla moto haujawaka, palepale unapowaka, au ukishazima? Akasema nasikia tik, halafu kimya kidogo, halafu ndo bum.

Hicho kimya kidogo ndo kimenitoa kitandani.

Nikamuuliza na kichwa je, kinauma? Akanyamaza, akasema asubuhi kinamuuma sana na anasikia kichefuchefu lakini akishatoka kwenda kazini kinaacha, na watoto nao wanalalamika hivyohivyo. Nikamwambia mama, zima boila sasa hivi, funga gesi, fungua madirisha, tokeni wote nje, na mkitoka hapo nendeni hospitali mkapimwe damu, waambieni kabisa kwamba ni moshi wa boila. Mi nakuja.

Saa 1 asubuhi

Mama na watoto wako hospitali, amemwachia mdogo wake anifungulie. Boila ni ya zamani, zile unazouona moto kabisa kwa chini. Nimefungua kifuniko nikakuta masizi meusi yamekaa kama unga kwenye chuma chote, na moto huwa hautoi masizi hivyo kama unapata hewa ya kutosha. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu na umesimama, ukiuona wa njano unayumbayumba ujue gesi haiungui yote, na gesi isipoungua yote ndo inazaliwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, huwezi kuiona wala kuinusa.

Sasa ile bum ilikuwa inatoka wapi. Kuna kimoto kidogo kinachokaa kimewaka muda wote, kazi yake ni kuwasha gesi kubwa ikifunguliwa. Gesi kubwa inatokea kwenye bomba lenye vitundu vingi, na vile vitundu vya karibu na kimoto vilikuwa vimezibwa na vumbi na kutu. Kwahiyo valvu ya gesi inafunguka (hiyo ndo tik), gesi inatoka vitundu vya mbali inajikusanya haina wa kuiwasha, ikishajaa mpaka kukifikia kimoto inalipuka yote kwa mpigo. Kadiri kimya kinavyokuwa kirefu ndivyo gesi inavyokuwa imejikusanya nyingi, ndo maana leo kabati zilitikisika. Nimetoa lile bomba lote nikalipiga brashi tundu kwa tundu, nikasafisha njia ya moshi ambayo masizi yalikuwa yameibana, nikarudisha, nikaiwasha boila mara kumi mfululizo nikiwa nimechuchumaa pembeni nasikiliza. Tik, fuuu. Tik, fuuu. Bluu mwanzo mpaka mwisho. Nimepima moshi kwa mashine mpaka nimeridhika, nimefunga na kengele ya kaboni monoksidi ukutani karibu na vyumba vya kulala kwa sababu hawakuwa nayo, na hili linaniuma kila ninapolikuta, nyumba inawasha gesi usiku kucha na hakuna hata kengele moja.

Saa 4 asubuhi

Nyumba ya pili boila inatokota kama birika inayokaribia kuchemka, inaunguruma, inazidi, moto ukizima inaendelea kidogo halafu inatulia. Fundi aliyepita kawabadilishia pampu ya kuzungusha maji na kelele iko palepale. Pampu dhaifu inaweza kweli kuleta kelele hii maana maji yanakaa sana kwenye moto, lakini kabla ya kuitoa ungeshika mabomba mawili tu, linalotoka na linalorudi, kama moja linachoma na jingine ni baridi ndo uanze kuifikiria pampu. Hapa pampu ilikuwa inasukuma vizuri. Tatizo ni chokaa. Maji magumu, yale yenye kalsiamu nyingi, yakipashwa joto yanaacha ukoko, na ule ukoko unakaa hasa pale kwenye chuma kinachopigwa na moto, maji yaliyokwama chini yake yanapata joto kupita kiasi yanatoa mapovu ya mvuke, povu likikutana na maji ambayo hayajafikia joto hilo linasinyaa ghafla na kupiga. Moja hulisikii. Yakiwa mengi kwa pamoja ndo unasikia birika. Dawa yake ni kuosha kwa asidi nyepesi inayozungushwa humo ndani mpaka maji yatoke hayana uchafu, kisha unaweka dawa ya kuzuia ukoko na kutu. Nimemwacha dogo ninayefanya naye kazi aanze kuosha, mi nikaenda ya jirani.

Saa 6 mchana

Hii ni rejeta inayobwatabwata kama mtu anasukutua, juu baridi chini moto. Hewa. Unachukua kile kiufunguo chake unalegeza kaskrubu ka juu robo mzunguko, fyuuu, hewa inatoka, maji yakianza kuchuruzika unafunga, unaangalia geji ya presha ya maji kwenye boila, ikiwa baridi isome kama bar 1 hadi 1.5, ikiwa chini unaongeza maji. Mwenye nyumba anajua yote hayo, tatizo anafanya hivyo kila wiki. Na hapo ndo huwa nashtuka, maana mfumo uliofungwa hauna sababu ya kupata hewa kila wiki. Nimekinga kitambaa cheupe pale kwenye skrubu na maji yametoka meusi kama wino, ukiyasugua kidoleni unasikia unga laini, nikasogeza sumaku ukaikimbilia. Ule ni chuma cha rejeta zake kinaliwa. Kutu ya namna hiyo inapojitengeneza inatoa haidrojeni, kwahiyo anachokitoa kila wiki akidhani ni hewa kwa sehemu kubwa ni gesi inayowaka, nikamwambia mzee wangu usije ukasogeza kiberiti hapo hata siku moja. Mfumo wote utasafishwa wiki ijayo, na tutafunga chujio la sumaku.

Saa 8 mchana

Nimemrudia dogo. Tumesikiliza boila pamoja, nimemwonyesha alichonionyesha mzee aliyenifundisha kazi, unaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, unafunga macho. Beringi ya pampu ikiwa nzima inavuma vuuu moja iliyonyooka. Iliyokwisha ina mchanga ndani yake, kr kr kr, na ukishaisikia mara moja hutaisahau. Dogo amesikiliza akasema hii haina mchanga. Kweli haina.

Saa 9 alasiri

Hapa nimekaa sana. Mtoto wa miaka sita halali chumbani kwake kwa sababu usiku kuna mtu anagonga chini ya sakafu. Wazazi wamemwambia ni ndoto. Nikamuuliza yeye mwenyewe, anagonga vipi, akanigongea kwa kidole kwenye meza, tik tik tik-tik haraka, halafu taratibu, halafu basi. Nikawaambia wazazi mtoto hajaota, amesikiliza vizuri kuliko watu wengi ninaoongea nao kwenye simu.

Bomba la shaba likipata joto linarefuka. Mita 10 za shaba zikipanda nyuzi 50 za Selsiasi zinaongezeka kama milimita 8 na nusu, karibu sentimita nzima, na lazima ziende mahali. Kama bomba limepita kwenye mbao iliyochongwa ikalibana, halitelezi polepole, linanasa, linajikaza, linaachia tik, linanasa tena. Haraka mwanzoni kwa sababu joto linapanda haraka, taratibu likikaribia kutulia, vilevile kama alivyonigongea. Nimeinua ubao mmoja wa sakafu chini ya kitanda chake, nikawasha mfumo, nikamwita achungulie kwa tochi. Bomba limeigusa mbao pande zote mbili na limeacha alama ya kung'aa pale linaposugua. Nimepanua ile nafasi kidogo kwa pembeni, nikavisha bomba kipande cha kitambaa kizito cha manyoya, tukasubiri wote watatu na yeye kimya dakika ishirini. Hakuna kitu. Akaniuliza likipoa je? Swali zuri kabisa, maana likipoa linafupika na lingegonga tena, kwahiyo tumezima tukasubiri na hiyo.

Saa 11 jioni

Ya mwisho nimeipitia haraka, jengo la zamani linalotumia mvuke badala ya maji, rejeta inapigwa kama nyundo asubuhi. Bomba moja ndo linaleta mvuke na ndo linarudisha maji, sasa sakafu imetitia rejeta ikainamia upande usio wake, maji yanabaki humo, mvuke ukija unayabeba yanagonga chuma. Nimeiinua miguu ya upande wa mbali kwa vipande vya mbao mpaka ikainamia kwenye valvu yake, pale bomba linapoingia. Halafu nimemwambia dada wa pale valvu ya mfumo huu inakaa wazi yote au imefungwa yote, ukiiacha nusu unayafungia maji njia.

Saa 3 usiku

Mama wa asubuhi amepiga. Walikutwa na kaboni monoksidi kwenye damu, wote, wakawekewa oksijeni, wameruhusiwa jioni hii. Ameniuliza kama anaweza kuiwasha, nikamwambia niliiwasha mimi mara kumi lakini kama moyo haujatulia laleni kwa ndugu leo. Akakata.

Baada ya dakika tano imeingia voisi. Nimeisogeza sikioni. Tik, fuuu, halafu sauti ya maji yanaanza kutembea kwenye mabomba, na kwa nyuma mtoto anauliza, imewaka?