Geita hadi Dodoma kwa gari: ukifika Singida, usinyooshe Manyoni

Dereva anayetoka Geita kwenda Dodoma, akishafika Singida, kwa kawaida hunyoosha Manyoni. Ni kama kilomita 240 za lami, hazina shida, na hazina cha kukusimamisha. Ukiwa na siku moja ya ziada, pindia Katesh. Utazunguka chini ya Mlima Hanang, uteremke Babati, upite milima ya Kondoa na kuingia Dodoma kwa upande wa Makutupora. Inaongeza kama kilomita 170, na ndizo kilomita nzuri kuliko zote za safari hii inayoanzia kwenye dhahabu na kuishia kwenye zabibu.

Wakati wa kwenda ni mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Barabara ni kavu, Hanang inapandika, na mashamba ya Dodoma yako kwenye mavuno ya pili ya mwaka. Mavuno ya kwanza, ya Februari na Machi, huangukia kwenye mvua.

Geita usikae sana. Mgodi mkubwa umezungushiwa uzio na hauingiliki hivi hivi. Utakachokiona ni kazi ya wachimbaji wadogo ukielekea Nyarugusu: maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyofunikwa turubai, karasha zinazosaga mawe kutwa, mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu na vilima vya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kushuka kwenye gari, sembuse kupiga picha. Usisogelee ukingo wa duara, maana udongo wake umechimbwa kwa chini na hauonyeshi. Na pale wanapochoma zebaki, kaa upande upepo unakotoka. Mvuke wake hauna rangi na unaingia mapafuni bila kukukohoza. Mtu akikuletea dhahabu kwenye karatasi, mwambie hapana. Bila leseni ya udalali au ya biashara ya madini hauruhusiwi kuinunua, na Geita ina soko rasmi la dhahabu tangu Machi 2019.

Kutoka Geita unapita Sengerema hadi Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile hesabu ya kuvizia kivuko imekwisha. Ukivuka huna haja ya kuingia Mwanza mjini: pale Usagara kata kulia, ushike ya Shinyanga. Kutoka hapo ni tambarare, na adui mkubwa ni tochi, kipima mwendo cha trafiki. Ndani ya makazi mwendo ni 50, na kuna vijiji virefu ambavyo kibao cha kuruhusu mwendo kiko mbali kuliko unavyodhani. Usikanyage mafuta mpaka ukione kibao chenyewe.

Tinde ndipo malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapoingia kutoka Isaka na Kahama. Kuanzia hapo hadi Singida barabara ni yao. Jaza mafuta Nzega. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kuondoka, siyo mchana kituoni: tairi likishapata moto kipimo hupanda, ukipunguza utaendesha na tairi legevu kesho yake, na tairi legevu kwenye lami ya moto ndilo linalopasuka.

Baada ya Igunga unashuka kwenye mbuga ya Wembere, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi masika. Usitoke nje ya lami kwa gari hata kama pembeni panaonekana pamekauka. Juu pana ganda tu. Mbele, ukishapita Shelui, ukuta wa Sekenke unajitokeza.

Huu ndio mlima wa kuheshimu. Kupanda siyo mrefu, lakini una kona kali na malori yanayotambaa kwa gia ya kwanza. Kabla ya kuanza, zima kiyoyozi na uangalie geji ya joto. Gari la gia za mkono, weka namba mbili mapema kabla injini haijaanza kulalamika. La otomatiki, toa kwenye D uweke 2 au L, vinginevyo gia itakuwa inapanda na kushuka yenyewe na mafuta ya giaboksi yatachemka. Acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori, maana likishindwa linarudi nyuma kwanza kabla dereva hajalishika. Ukikuta matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mwendo hapo hapo: kuna gari limekufa mbele, mara nyingi limekaa kwenye kona yenyewe. Injini ikichemka, egesha mahali pana, weka jiwe nyuma ya tairi, fungua boneti na usubiri nusu saa. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto. Maji yaliyomo yamebanwa kwa presha, na ukikifungua yanaruka usoni.

Wanaokuja upande wa pili, wa kushuka, kanuni ni moja: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Anayekandamiza breki mfululizo huzichoma. Harufu ya kitu kinachoungua ndiyo onyo la kwanza, kanyagio kulainika ndilo la pili, na la tatu halipo.

Juu hapo unapita kwenye historia. Wajerumani walikuwa na mgodi wa dhahabu Sekenke kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipowakatia njia ya kupata fedha kutoka kwao, dhahabu ya huku ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli ikagonga sarafu za rupia 15. Upande mmoja zina tai, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Ziligongwa kama 16,000 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu huzigombea. Shika habari hii, utakutana nayo tena Kondoa.

Lala Singida. Kutoka Geita ni zaidi ya kilomita 500, na Sekenke haitaki dereva aliyechoka wala giza. Jioni tembea kando ya Ziwa Singidani au Kindai, yenye maji ya chumvi na majabali ya mviringo. Chakula ni kuku wa kienyeji, na mafuta ya alizeti ununue hapa.

Singida hadi Katesh ni takriban kilomita 90, na Hanang unauona muda mrefu kabla ya kuufikia, umesimama peke yake, mita 3,420. Wanaotaka kuupanda waende ofisi ya misitu Katesh siku moja kabla, wachukue kibali na mwongozaji. Njia ya kawaida ni ya Jorodom. Anza saa kumi alfajiri, beba maji lita nne au tano kwa mtu kwa sababu juu hakuna chemchemi ya kutegemea, na koti la upepo hata kama mjini kuna joto. Msimu wa mvua usipande. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima huu na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Wenyeji wakikwambia leo hapana, wasikilize.

Katesh hadi Babati ni kama kilomita 75, kupitia Endasak na Dareda. Babati jaza mafuta, kisha shika ya kusini, kilomita 251 hadi Dodoma, lami yote tangu 2018. Kona za Bereko ziendee polepole kwa ajili ya ng'ombe na punda.

Simama Kolo, kwenye ofisi ya mambo ya kale. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, uende Mungomi wa Kolo. Sehemu ya mwisho ni ya miguu na ina mwinuko, kwa hiyo viatu viwe vya kufunga. Michoro myekundu ni ya wawindaji wa kale, myeupe ilikuja baadaye. Usiimwagie maji ili ionekane vizuri pichani, rangi inaondoka na haitarudi. Mbele ya baadhi ya mapango utaona mashimo. Yamechimbwa na watu wanaoamini kwamba Mjerumani alificha dhahabu na rupia zake humo. Wanachoharibu ni udongo wenye mabaki ya maelfu ya miaka, na inauma kuyatazama.

Ukikaribia Dodoma unapita Makutupora. Usichanganye na Makutupora ya Manyoni, ile inayotajwa kwenye reli ya SGR. Hii ndiyo ya utafiti wa zabibu, na jina lake limepewa mbegu nyekundu inayolimwa sana huku. Mashamba mengine yako Hombolo, na upande wa barabara ya Iringa kuna Bihawana na Mpunguzi. Mzabibu hapa haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na miezi minne hivi baadaye anavuna. Za masika hushambuliwa na ukungu na sukari yake hupungua, ilhali za Agosti zimeiva juani.

Ukinunua, tazama kikonyo: cha kijani zimekatwa leo, cha kahawia zimelala. Vumbi jeupe kwenye ganda ni nta ya tunda lenyewe, ila osha hata hivyo. Nunua shambani ukiweza. Zabibu iliyoiva haisubiri mnunuzi, na ndiyo maana wakulima wengi husindika wenyewe wakauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa viwanda.

Mvinyo nunua uliofungwa kiwandani. Ule wa kwenye chupa za maji bado unachacha: chupa inavimba na kupasukia ndani ya gari. Hata wa kiwandani usiuache kwenye buti mchana, joto linasukuma kizibo na ladha inakuwa ya kitu kilichopikwa. Uweke kwenye kasha la barafu, chini ya kiti cha nyuma, na atakayeendesha aonje akishafika anakolala.